Malale na ukuta wa ubongo: kutoka mapori ya Usukuma hadi viungio vya seli

Mishipa midogo kabisa ya damu iliyomo ndani ya ubongo haifanani na ile ya misuli wala ya ini. Kwingineko mwilini, seli zinazounda ukuta wa mshipa huacha nafasi kati yao, na maji, chumvi na hata protini hupenya na kufikia nyama iliyo nje ya mshipa. Katika ubongo nafasi hiyo imezibwa. Utando wa seli moja umebanwa na ule wa jirani yake kwa mistari ya protini inayozunguka seli nzima, na kinachotaka kutoka kwenye damu kuingia ubongoni hakina budi kupita ndani ya seli yenyewe. Mistari hiyo huitwa viungio vya kubana. Vimo pia kwenye utumbo, figo, kibofu na ngozi, kila mahali ambapo mwili unapaswa kutenganisha upande na upande. Kati ya mishipa ya damu, ile ya ubongoni ndiyo iliyobanwa zaidi, na ndiko viungio hivi vilikoleta matatizo makubwa kwa matabibu wa Afrika Mashariki kwa zaidi ya miaka mia moja.

Matatizo hayo yaliletwa na malale. Kimelea cha ugonjwa huu, tripanosoma, huingizwa mwilini na mbung'o. Huishi kwanza katika damu na tezi na kusababisha homa, maumivu ya kichwa na uchovu. Baadaye huingia ubongoni. Hapo mgonjwa huanza kusinzia mchana na kukesha usiku, tabia yake hubadilika, hupoteza fahamu, na asipotibiwa hufa. Aina inayopatikana Tanzania, rhodesiense, huchukua wiki au miezi michache tu kufika hatua hiyo. Ile ya Afrika ya Kati na Magharibi, gambiense, huchukua miaka.

Nchi iliyo kusini mwa Ziwa Victoria ilikuwa ya mbung'o kwa muda mrefu. Kharumwa, ambayo leo ni makao makuu ya Wilaya ya Nyang'hwale katika Mkoa wa Geita, iko kwenye ukanda unaounganisha Geita, Kahama na Shinyanga. Sasa ni nchi ya mashamba ya mahindi na pamba, ng'ombe, na mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 sehemu kubwa ya Geita ilikuwa na watu wachache, kwa kuwa mapori yake yalishikwa na mbung'o na mifugo haikuweza kuishi humo. Wasukuma walianza kuhamia huko kwa wingi baada ya mapori kufyekwa, hasa chini ya mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947.

Hatua ya kwanza kubwa ya kuelewa malale ilipigwa ng'ambo ya kaskazini ya ziwa. Mwaka 1901 Albert Cook na ndugu yake Jack, madaktari wa hospitali ya misheni ya Mengo, waliona wagonjwa wa kwanza Buganda. Ugonjwa ulienea kwa kasi ya kutisha kwenye pwani ya ziwa na visiwani. Inakadiriwa kwamba zaidi ya watu 200,000 walikufa katika miaka iliyofuata, na visiwa vizima vilibaki bila watu. Aldo Castellani, daktari kijana wa Kiitaliano aliyetumwa Entebbe na Shirika la Kifalme la Sayansi la Uingereza, alipochunguza maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa aliona viumbe vinavyojinyonganyonga. Vilikuwa tripanosoma. David Bruce alipowasili Machi 1903 alitambua uzito wa jambo hilo. Muda mfupi kabla ya hapo, huko Gambia, tripanosoma walikuwa wameonekana katika damu ya watu wenye homa ya kawaida. Sasa walionekana kwenye maji yanayozunguka ubongo wa watu wanaokufa. Homa na malale zilikuwa hatua mbili za ugonjwa mmoja, na kilichozitenganisha ni kuvuka kwa kimelea kutoka damu kwenda ubongo. Apolo Kaggwa, Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, alisimamia ukusanyaji wa nzi kutoka kila pembe ya nchi, na ramani ya mbung'o iliyopatikana ikalingana na ramani ya ugonjwa.

Kwamba kati ya damu na ubongo kuna kizuizi lilikuwa jambo lililoshukiwa tu wakati huo. Mwaka 1885 Paul Ehrlich, mtafiti wa Kijerumani aliyependa rangi kupita kiasi, alikuwa amewachoma wanyama sindano za rangi mbalimbali na kuona kwamba karibu viungo vyote vinakolea isipokuwa ubongo na uti wa mgongo. Ehrlich hakudhani kwamba kuna ukuta. Aliamini kuwa nyama ya ubongo haina uwezo wa kushika rangi hizo. Alikosea, lakini kosa lake liliwapa wengine swali lililo wazi la kujaribu.

Rangi hizohizo zilimpeleka Ehrlich kwenye tripanosoma. Alifikiri kwamba rangi inayoshika kimelea na kuacha seli za mwili ingeweza kuwa dawa, na mwaka 1904, pamoja na Mjapani Kiyoshi Shiga, alitangaza rangi nyekundu iliyoponya panya walioambukizwa. Miaka miwili baadaye Félix Mesnil na Maurice Nicolle wa Taasisi ya Pasteur, Paris, walieleza ndugu yake ya bluu. Rangi zote mbili zilipewa jina la kimelea: trypan nyekundu na trypan ya bluu. Hadi leo wanafunzi wa biolojia hutumia trypan ya bluu kutofautisha seli zilizokufa na zilizo hai, na ni wachache wanaojua kwamba ilizaliwa kama dawa ya tripanosoma.

Edwin Goldmann, daktari wa upasuaji wa Freiburg aliyewahi kuwa mwanafunzi wa Ehrlich, ndiye aliyeigeuza dawa hiyo kuwa chombo cha kupimia. Mwaka 1909 aliichoma kwenye mishipa ya wanyama. Mwili mzima uligeuka bluu, ubongo ukabaki mweupe. Mwaka 1913 alibadili njia na kuichoma moja kwa moja kwenye maji yanayozunguka ubongo. Safari hii ubongo ulikolea na mwili ukabaki ulivyo. Maelezo ya Ehrlich yakaanguka hapo hapo: ubongo unashika rangi vizuri kabisa, ila rangi iliyo kwenye damu haiufikii. Uzito wa jaribio hili kwa historia ya malale haujatajwa inavyostahili. Kitu kilichoonyesha ukuta ni kilekile kilichokusudiwa kuwa dawa, kwa hiyo Goldmann alikuwa ameonyesha, bila kutafuta hilo, kwa nini dawa za aina hiyo zingeshindwa kumwokoa mgonjwa aliyekwisha kuanza kusinzia. Alifariki mwaka huohuo. Jina lililobaki, kizuizi cha damu na ubongo, liliwekwa imara mwaka 1921 na Lina Stern aliyekuwa Geneva, mwanamke aliyehamia baadaye Moscow na kuwa wa kwanza wa jinsia yake kupewa uanachama kamili wa Chuo cha Sayansi cha Kisovieti.

Wagonjwa hawakuweza kungoja nadharia. Robert Koch alifika Mwanza mwaka 1906, akakuta wagonjwa wachache mno kwa kazi aliyoikusudia, akavuka kwenda visiwa vya Ssese. Huko alitibu watu zaidi ya elfu moja kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Vimelea vilitoweka kwenye damu na wagonjwa walionekana kupata nafuu, kisha wengi walirudiwa na ugonjwa. Zaidi ya ishirini walipofuka kabisa alipoongeza kipimo. Historia hii haifai kusimuliwa kama ushindi: watu wa Ssese walijaribiwa dawa kwa viwango ambavyo havingekubaliwa Berlin.

Kampuni ya Bayer, Ujerumani, iliendelea kutoka pale trypan ya bluu ilipoishia. Rangi ile ilikuwa ikikolea nyama ya mifugo iliyotibiwa, kwa hiyo wanakemia wake walitafuta dawa ya ukoo huohuo isiyo na rangi. Mwaka 1916 waliipata. Iliitwa Bayer 205, baadaye Germanin, na leo ni suramini. Friedrich Kleine, aliyekuwa msaidizi wa Koch na mtu aliyethibitisha kwamba tripanosoma hukomaa ndani ya mbung'o kabla ya kuambukiza, aliijaribu Rhodesia ya Kaskazini na Kongo kuanzia 1921. Kwa mgonjwa wa hatua ya kwanza ilifanya kazi ya ajabu, na bado inafanya. Kwa mgonjwa wa hatua ya pili haikufaa kitu. Suramini ni molekuli kubwa, ina chaji sita hasi, na karibu yote hushikamana na protini za damu. Haiwezi kupita kati ya seli za mishipa ya ubongo, wala haiwezi kuyeyuka katika mafuta ya utando ili ipite ndani yake. Ilirithi nguvu ya rangi ya Ehrlich, na ikarithi pia udhaifu uleule ambao Goldmann aliuona.

Mwaka 1922 malale aina ya rhodesiense iligunduliwa Maswa, mashariki ya Shinyanga. Charles Swynnerton, mkuu wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alikwenda kuchunguza, na mbung'o waliokusanywa huko walitambuliwa kuwa aina mpya iliyopewa jina lake, Glossina swynnertoni. Yeye aliona kwamba vita dhidi ya malale ingeamuliwa porini zaidi kuliko kwenye kitanda cha mgonjwa. Mtemi Makwaia wa Busiha alikubaliana naye, na maelfu ya Wasukuma walitoka kwa zamu kufyeka vichaka ambavyo mbung'o walijificha. Shinyanga ikawa makao ya utafiti wa mbung'o uliojulikana dunia nzima: ilijaribu moto wa mwishoni mwa kiangazi, ufyekaji wa miti teule, na uzio wa kutenga wanyama. Swynnerton alikufa mwaka 1938 kwa ajali ya ndege, pamoja na Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea wa idara yake.

Serikali ya kikoloni ilichukua pia njia nyingine, iliyowaumiza watu zaidi. Katika Kahama, Biharamulo na Uzinza, familia zilizotawanyika porini ziliamriwa kuhama na kukusanyika kwenye makazi makubwa yaliyofyekwa, ili watu wasikutane na mbung'o. Makaburi, visima na mizinga ya nyuki viliachwa nyuma, na pori likafunika nyumba zilizohamwa. Kiafya mpango ulipunguza maambukizi. Sababu yake iliyofichika ilikuwa ya kitabibu: kwa aina ya rhodesiense hapakuwa na dawa ya kuaminika ya hatua ya pili. Triparsamidi, dawa ya aseniki kutoka Taasisi ya Rockefeller ambayo Louise Pearce aliijaribu Léopoldville mwaka 1920, iliingia ubongoni na kuwaokoa wagonjwa wengi wa gambiense, ingawa iliharibu macho ya baadhi yao. Kwa rhodesiense ilishindwa. Daktari wa Kahama aliyempata mgonjwa mapema alikuwa na suramini, na aliyempata amechelewa hakuwa na kitu.

Tinde, kusini-magharibi ya mji wa Shinyanga, ilikuwa na maabara ya malale iliyofanya moja ya majaribio marefu kabisa katika historia ya ugonjwa huu. Kuanzia 1934 kimelea kilichotolewa kwa mgonjwa mmoja kilipitishwa na mbung'o kutoka kondoo hadi kondoo na kwa swala, mwaka baada ya mwaka, kuona kama kitapoteza uwezo wa kuambukiza binadamu. Kila baada ya muda watu waliojitolea walijaribiwa kwa kimelea hicho. Miaka mingi baadaye bado kiliambukiza. Majina ya watafiti, Corson, Fairbairn, Burtt (si Bernard) na Ashcroft, yamebaki katika maandishi ya kisayansi. Watu waliotoa miili yao kwa kazi hiyo wanastahili kukumbukwa pia.

Mwaka 1949 Ernst Friedheim alitangaza melarsoproli. Ilikuwa aseniki tena, lakini molekuli yake ndogo inayopenda mafuta iliweza kupita kwenye utando wa seli za mishipa ya ubongo. Kwa mara ya kwanza mgonjwa wa rhodesiense aliyekwisha kupoteza fahamu aliweza kupona. Gharama yake ilikuwa kubwa. Dawa huyeyushwa katika kimiminika kinachounguza mshipa, na kati ya wagonjwa mia moja wanaotibiwa, takriban watano hadi kumi hupatwa na uvimbe mkali wa ubongo, na karibu nusu ya hao hufa. Ili kujua nani apewe suramini na nani aingizwe kwenye hatari hiyo, kila mgonjwa ilimpasa achomwe sindano ya mgongo kuchukua maji ya uti. Uamuzi wa tabibu, na mara nyingi uhai wa mgonjwa, ulitegemea kama kimelea kimeshavuka ukuta ambao hakuna mtu aliyekuwa bado ameuona.

Ukuta huo uliweza kuonekana ilipopatikana hadubini ya elektroni. Mwaka 1963 Marilyn Farquhar na George Palade, New York, walichunguza matumbo, ini, figo na tezi za panya na wanyama wengine, wakaeleza jinsi seli za epitheli zinavyoshikana kwa mpangilio wa sehemu tatu. Ya juu kabisa, iliyo karibu na uwazi, ilikuwa mahali ambapo tando mbili zinaungana bila nafasi kati yao. Hivyo ndivyo viungio vya kubana. Mwaka 1967 Thomas Reese na Morris Karnovsky wa Harvard waliingiza kwenye damu ya panya kimeng'enya kinachoacha alama nyeusi chini ya hadubini hiyo. Kwenye mishipa ya moyo na misuli kimeng'enya kilipita kati ya seli. Kwenye mishipa ya ubongo kilifika kwenye kiungio cha kwanza kikasimama. Miaka 58 baada ya sindano ya bluu ya Goldmann, mahali penyewe palijulikana.

Kujua kilichokuwa ndani ya viungio hivyo kulichukua miaka 30 zaidi. Utando uliogandishwa na kuvunjwa ulionyesha nyuzi zilizosukwa kama wavu kuizunguka seli, lakini protini za nyuzi hizo hazikushikika. Mwaka 1986 ilipatikana protini ya upande wa ndani, ZO-1. Mwaka 1993 kundi la Shoichiro Tsukita na Mikio Furuse, Japani, lilitenga okludini kutoka ini la kuku, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Kisha seli zisizo na okludini zilitengenezwa, na zikaunda viungio vya kubana bila shida. Kwa kundi lililoitangaza okludini yenyewe, jibu hilo lilikuwa gumu, na jinsi walivyolipokea ni mfano wa uaminifu wa kisayansi: walirudi kwenye ini la kuku, wakatafuta upya, na mwaka 1998 wakatangaza klaudini. Seli ambazo kwa kawaida hazina viungio, zikipewa klaudini, hujenga nyuzi zile zile. Leo zinajulikana zaidi ya klaudini ishirini, na mchanganyiko wake ndio huamua kama ukuta utapitisha chumvi fulani au la. Mwaka 2003 kundi hilohilo lilionyesha kwamba panya wasio na klaudini-5 huzaliwa na mishipa ya ubongo iliyo mizima kwa kuitazama, lakini molekuli ndogo huvuja kupitia kwake, na wanyama hao hufa saa chache baada ya kuzaliwa. Tsukita alifariki mwaka 2005, akiwa na umri wa miaka 52.

Ukanda wa Geita ulikuwa umeshapata tatizo jingine la ukuta huohuo. Wachimbaji wadogo hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki iondoke. Mvuke wake hauna chaji, hupita kwenye mapafu na utando wa mishipa ya ubongo bila kugusa viungio vyovyote, na huvuka pia kondo la nyuma na kumfikia mtoto aliye tumboni. Ukishaingia ubongoni hubadilika kuwa na chaji, na sasa kizuizi kilichoshindwa kuuzuia kuingia huuzuia kutoka. Uchunguzi wa afya uliofanywa mwaka 2003 Rwamagasa, Geita, chini ya mradi wa zebaki wa Umoja wa Mataifa, uliwakuta wachomaji wakiwa na zebaki nyingi kwenye mkojo, na baadhi yao walikuwa na mitetemeko na kushindwa kuratibu mwendo wa viungo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Hakuna dawa inayosafisha ubongo uliokwisha kujaa zebaki, kwa hiyo kinga ni kutovuta mvuke huo kabisa.

Wakati huohuo watafiti walirudi kwa tripanosoma wakiwa na zana mpya. Swali lilikuwa kama kimelea hubomoa viungio. Mwaka 2001 kundi la Stockholm lilionyesha kwamba katika panya wenye ugonjwa wa muda mrefu tripanosoma walikuwa wameingia ubongoni huku okludini na ZO-1 zikiwa mahali pake. Mwaka 2004 kundi hilo, Willias Masocha akiwa mwandishi wa kwanza, lilieleza kwamba njia hufunguliwa kwa sehemu na kinga ya mwili wenyewe, kupitia kemikali ya uvimbe iitwayo interferoni gama. Mwaka 2006 majaribio ya Marekani kwenye seli za mishipa ya ubongo wa binadamu yalionyesha kwamba kimelea hutumia kimeng'enya chake kuamsha mabadiliko ya kalisi ndani ya seli hizo, nazo hulegea kwa muda. Mdudu mdogo amepata njia ambayo wanakemia walihangaika nayo tangu Ehrlich: havunji nyumba, anawashawishi wenyeji wamfungulie.

Kaliua, mkoani Tabora, na Lwala, Uganda, palifanyika kuanzia 2006 jaribio la kufupisha matibabu ya melarsoproli kwa rhodesiense hadi siku kumi mfululizo. Mgonjwa alikaa hospitali siku chache kuliko awali, lakini dawa ilibaki ileile. Mabadiliko halisi yalikuja na feksinidazoli, kidonge ambacho dawa yake hupita kwenye ukuta wa ubongo na kuua kimelea pande zote mbili. Baada ya majaribio Malawi na Uganda, Shirika la Dawa la Ulaya lilitoa maoni ya kukiunga mkono kwa rhodesiense Desemba 2023, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likakiweka katika mwongozo wake. Humezwa kwa siku kumi pamoja na chakula. Kinatumika katika hatua zote mbili kwa wagonjwa wa miaka sita na kuendelea wenye uzito wa angalau kilo 20. Mtoto aliye chini ya hapo bado hutibiwa kwa suramini, na kimelea kikishaingia ubongoni, kwa melarsoproli.